Uzi: Neno "cashew" halikutoka kwenye "cash". Njooni tulifuate hadi lilikoanzia

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, hasa mlioko kusini huku ambako minada imeanza na macho ya kila mtu yako kwenye bei.

Kuna maelezo yanayozunguka kwetu kila msimu unapofika. Utayasikia kwenye ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), utayasikia kwenye basi la Masasi, na yapo hata madarasani: eti Mzungu aliiita korosho "cashew" kwa sababu zao hili ni "cash", yaani pesa mkononi. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na neno hili nalipenda kuliko maneno mengi ya lugha ile. Inaniuma kuona safari yake ndefu inafupishwa namna hiyo, tena na sisi ambao zao lenyewe ndilo linalosomesha watoto wetu.

Tuanze na hilo "cash" ili tuliweke pembeni. Waingereza walilichukua mwishoni mwa karne ya 16 kutoka Kifaransa "caisse" au Kiitaliano "cassa", na maana yake ya mwanzo ilikuwa sanduku la kutunzia fedha. Baadaye jina la sanduku likahamia kwenye fedha zilizomo. Mzizi wa yote ni Kilatini "capsa". Wareno nao walikuwa na "caixa" yao kutoka mzizi huohuo, wakaja nayo pwani yetu, nasi tukapata "kasha". Kwa hiyo ukimtafuta ndugu wa "cash" katika Kiswahili, utamkuta chumbani kwa bibi, kanga zimo ndani. Korosho haimo kwenye ukoo huo.

"Cashew" ni neno la Brazil. Watupi, waliokaa pwani ya nchi ile kabla Wareno hawajafika, waliuita mti huu "acajú". Mti ni wa kwao: asili ya mkorosho ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, kwenye ardhi ya kichanga ambayo mtu wa Newala au Tandahimba akikanyaga hataona ugeni mkubwa. Wareno walilisikia neno hilo, wakalitamka "acaju", kisha wengi wakaiacha ile "a" ya mbele ikabaki "caju". Wafaransa wakaliandika "acajou". Mtawa wa Kifaransa, André Thevet, aliyekaa kwenye ghuba ya Guanabara huko Brazil mwishoni mwa 1555 na mwanzoni mwa 1556, alitoa kitabu mwaka 1557 chenye mchoro wa mti huo na watu wakichuma mabibo, yale matunda yake, na kuyakamua. Ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za mkorosho kuonekana Ulaya.

Waingereza walilipokea kwa Wareno na Wafaransa hao. Kwenye maandishi yao ya zamani tahajia haikuwa imetulia, kila mtu aliandika alivyosikia, hadi mwanzoni mwa karne ya 18 "cashew" ilipoanza kushika mizizi. Ile "sh" ndiyo inayowapoteza watu. Sikilizeni Mreno anavyotamka "caju": ile "j" si ya "jembe". Ulimi unakaa mahali pa "sh", ila sauti inatetemeka kooni. Kiingereza hakikuwa na herufi ya kuiandika sauti hiyo, na "sh" ndiyo iliyokuwa jirani yake wa karibu. Hapo ndipo "cashew" ikafanana na "cash", na kufanana huko hakuna udugu wowote ndani yake.

Kuna mengi zaidi, hasa yanayotuhusu sisi wa Mtwara na Lindi. Karibuni tujadili.

---

Masasi Moja

Mkuu nimekaa safu ya mbele. Hilo la "cash" mimi nimelisikia kutoka kwa mnunuzi, mnadani, na wakulima wakampigia makofi. Tiririka, tunasoma.

---

Baharia wa Shangani

Mwalimu, heshima yako. Naomba nikupinge kidogo. Nimefanya kazi bandarini hapa Mtwara miaka mingi, meli zinazopakia korosho ghafi nyingi zinakwenda India na Vietnam, na nimekaa na Wahindi wa kusini ya kule. Wao wana hadithi yao. Wanasema Mzungu alimkuta mama anauza korosho sokoni, akamuuliza jina. Mama akadhani anaulizwa bei, akajibu "kaasu ettu", yaani nane kwa sarafu moja. Mzungu akasikia "cashew". Mtu aliyenisimulia ni Mtamil mwenyewe, na sarafu ya "kaasu" kweli ilikuwepo. Huoni kwamba hapo pesa inarudi tena?

---

Mwana Mikindani

Ndugu yangu Baharia, asante kwa kuileta, maana hadithi hiyo inapendwa sana kule na ina chembe ya kweli ndani yake.

Ukweli wenyewe ni huu. "Kaasu" ni sarafu ndogo ya kusini mwa India, Wareno wakaiita "caixa", na Waingereza wakaja kuiita "cash" pia. Walizoea kuziita hivyo hata sarafu za Kichina zenye tundu katikati. Kwa hiyo Kiingereza kina "cash" mbili zilizozaliwa mbali na kukutana: moja ya sanduku la Ulaya, nyingine ya sarafu ya Kitamil. Mtu yeyote angeweza kuzichanganya.

Lakini hebu tuziangalie tarehe. Thevet ameandika jina la Kitupi mwaka 1557, akiwa amelisikia Brazil kwa masikio yake. Huko India mti uliletwa na Wareno ndani ya karne hiyohiyo ya 16. Daktari Mreno, Cristóvão da Costa, aliueleza katika kitabu chake cha 1578 kama mti ulioko kwenye bustani za Cochin. Yaani mti ulishuka melini na jina lake. Yule mama wa sokoni, kama alikuwepo, aliuza kitu ambacho Mreno alishakijua kwa jina tangu ng'ambo ya Atlantiki.

Na Wahindi wenyewe wametuachia ushahidi. Kihindi na Kiurdu wanasema "kaju", hilo ni neno la Kireno halijabadilika hata kidogo. Kule Kerala kuna jina jingine la zamani, "parangi andi". "Parangi" ndivyo walivyowaita Wareno, na "andi" ni kokwa. Kokwa ya Mreno! Watu hawaiti kitu chao wenyewe kwa jina la mgeni aliyekileta.

---

Baharia wa Shangani

Hapo kwenye "parangi" umenimaliza. Nimekubali. Nitamtafuta yule rafiki yangu nimpe habari.

---

Binti Newala

Mwalimu, mimi nina jambo. Marehemu bibi yangu mzaa baba alikuwa Mswahili wa pwani, na mkorosho alikuwa akiuita "mkanju". Sisi watoto wa Newala tulikuwa tunacheka tukidhani ni kilugha cha kwao. Leo nasoma "caju" hapa, nikasema lo! Je, ni neno hilohilo?

---

Mwana Mikindani

Binti, bibi yako alikuwa anatamka Kitupi bila kuvuka bahari. Ndilo hilohilo. "Kanju" na "mkanju" vimo katika kamusi za Kiswahili, na chanzo chake ni "caju" ya Mreno, ikaongezewa "n" katikati. Kanju ni lile tunda, mkanju ni mti wake. Huku kwetu "korosho" na "bibo" yamelifunika jina hilo, ila wazee wa pwani bado wanalo, hata kule Kenya utalisikia.

Na hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike. Mtu anaposimama mbele ya wakulima akasema jina la kweli la zao hili ni la Kiingereza, ajue kwamba "cashew" na "kanju" ni watoto wa mama mmoja, na wa kwetu hakupitia kwa Mwingereza. Wareno walifika pwani hii mapema mno, na mti waliuleta Afrika Mashariki ndani ya karne hiyohiyo ya 16, miaka mingi kabla "cashew" haijatulia London. "Kanju" haidaiwi chochote na Kiingereza.

Tena nadhani Kiswahili kimelitendea haki zao hili kuliko lugha nyingi. Mti ni mkorosho. Ile iliyo changa, bado ya kijani, ni dunge. Ikikomaa ni korosho. Tunda linaloning'inia juu yake ni bibo. Mwingereza ana "cashew" moja kwa mti na kwa korosho, na likija bibo inabidi aseme "cashew apple", yaani tofaa la korosho. Kwa nini tofaa? Kwa sababu zamani "apple" ilikuwa inatumika kwa tunda lolote lile. Hata "pineapple" ilianza kwa kumaanisha lile koni la msonobari, na ni karne ya 17 tu ndipo walipolibandika kwenye nanasi kwa kuwa yanafanana kwa magamba. Sisi tukabaki na "nanasi", ambalo nalo chimbuko lake ni lugha za watu hao hao wa Brazil na majirani zao.

---

Mkilwa Halisi

Naomba niongezee la kwetu Kilwa, maana watu wakisikia Wareno wanakumbuka Mombasa na Msumbiji tu.

Pedro Álvares Cabral, huyo ambaye msafara wake ulifika Brazil tarehe 22 Aprili 1500, hakurudi Ureno kutoka pale. Alikuwa njiani kwenda India. Akavuka Atlantiki, akazunguka kusini mwa Afrika, dhoruba ikamzamishia meli kadhaa, na Julai mwaka uleule wa 1500 akatia nanga Kilwa. Tafakarini hilo. Mabaharia walioona Brazil mwezi wa nne walikuwa Kilwa Kisiwani mwezi wa saba. Miaka mitano baadaye, 1505, Francisco de Almeida akaja na majeshi, akauteka mji na kujenga ngome, wakakaa mpaka 1512.

Sisemi kwamba Cabral alishusha mbegu za korosho. Nasema njia ambayo neno na mti vilipitia ilifunguliwa mapema, na Lindi ilikuwa kwenye njia hiyo. Ukienda Kisiwani leo lile jengo la pwani watu wanaliita Gereza, na "gereza" lenyewe ni neno la Mreno, "igreja", kanisa.

---

Mwana Mikindani

Mkilwa, asante sana. Huwa nikiwaambia wanafunzi kwamba Brazil na Kilwa ziko kwenye safari moja, ya mwaka mmoja, wanadhani nawatania.

---

Ng'ambo ya Ruvuma

Mimi kwetu ni pande zote mbili za mto, ndugu wako Mueda na wengine wako Kitaya. Ukivuka tu daraja la Mtambaswala kuingia Msumbiji, korosho ni "castanha de caju", na bibo wanaliita "caju" bila kupepesa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hili. Kwa hiyo jina la Kitupi lipo jirani, umbali wa daraja, na linatumika kila siku. Mzee mmoja wa upande wa kule aliniambia ukitaka kumjua mtoto wa Msumbiji mnong'oneze "caju" uone atakavyotabasamu.

---

Mzee wa Tandahimba

Vijana, shikamooni hamjaniambia lakini nawasamehe. Mmezungumza majina yote na hakuna aliyetaja uraka.

Wasioujua: mabibo yakiiva na kuanguka yanakamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke, na hiyo ndiyo uraka. Ukiutia motoni ukakinga mvuke wake unapata nipa, ambayo ni kali na serikali imeikataza, na mimi siisifii. Nimeona inavyowamaliza vijana. Lakini majina haya mawili nimeyakuta, na wazee wangu waliyakuta. Mwalimu, nayo yametoka wapi?

---

Mwana Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Umenipa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kule Goa, pwani ya magharibi ya India, iliyokuwa chini ya Wareno kuanzia 1510 hadi 1961, watu wanakamua mabibo kama nyinyi. Maji hayo yakichachuka wanayachemsha na kukinga mvuke. Kinachopatikana mara ya kwanza, chepesi, wanakiita "urrak". Wakikirudisha motoni tena na kukiongeza nguvu, wanapata "feni", ambayo ni pombe yao ya fahari, inauzwa madukani kwa chupa zenye lebo. Mzee, "urrak" ya Goa na "uraka" ya Tandahimba zinatoka kwenye tunda lilelile, na pande zote mbili alipita Mreno.

Asili yake ni Kiarabu, "araq", maana yake jasho. Fikirieni yale matone yanayotoka kwenye mtungi wa kukeneka pombe, ndiyo jasho lenyewe. Neno hilo lilisambaa bahari nzima hii ya Hindi, Wareno wakalichukua kwa sura kama "orraca". Kwa Goa likabaki kwenye kinywaji kilichokwisha pita motoni, kwetu likakaa kwenye kile ambacho hakijafika motoni.

Na nipa? Wamalai wana mti wa jamii ya mnazi unaoota kwenye mikoko, unaitwa "nipah", wanaugema, na tembo lake wakalitengenezea pombe kali. Jina la mti likawa jina la pombe, Wareno wakalibeba, na Msumbiji mpaka leo pombe ya kukeneka inaitwa nipa. Kwa hiyo kwenye kijiji kimoja cha Tandahimba, chini ya mkorosho mmoja, una mti wa Brazil, neno la Kiarabu na neno la Kimalai. Nani atasema huku ni pembezoni mwa nchi?

---

Mzee wa Tandahimba

Marahaba. Jasho! Basi Waarabu walijua walichokuwa wanakisema. Mungu akuzidishie, mwalimu.

---

Fundi Salfa

Mimi napuliza salfa mashamba ya watu, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, naujua kuliko jina langu. Swali langu ni kuhusu lile jina la kitaalamu. Kwenye semina wanatuandikia "Anacardium occidentale" na kuendelea bila kueleza. Hilo nalo ni la Watupi?

---

Mwana Mikindani

Hapana, hilo ni la wasomi wa Ulaya. Aliyelitia muhuri ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea Mswidi, mwaka 1753. "Kardia" ni moyo kwa Kigiriki, ndiyo maana hospitalini utasikia maneno ya moyo yakianza na "kadio". "Occidentale" ni ya magharibi.

Moyo umeingiaje? Wauza dawa wa Ulaya ya kale walikuwa na kokwa nyeusi kutoka India iliyoitwa "anacardium" kwa kuwa umbo lake ni kama la moyo. Kokwa hiyo ilikuwa na maji yanayochafua nguo yasitoke tena, madobi wa India wakaitumia kutia alama kwenye nguo za wateja. Korosho ilipokuja kutoka Amerika, wasomi waliona ni jamaa yake: nayo ina ganda lenye mafuta makali. Basi ya India ikaonekana ya mashariki, hii ikawa ya magharibi, na Linnaeus alipoyapanga majina, "Anacardium" akaipa korosho. Yule mwenye jina lake wa kwanza leo kitaalamu ni "Semecarpus anacardium", jina lake la zamani limesukumwa nafasi ya pili.

---

Binti Newala

Kuhusu hayo mafuta makali nina la kusema, kwa sababu mama yangu amebangua korosho maisha yake yote. Ganda lina tabaka mbili na katikati ndiyo kuna yale mafuta. Yakikugusa yanaunguza, ngozi inabadilika rangi na kuchubuka. Ndiyo maana korosho inakaangwa au kupigwa mvuke kwanza kabla ya kubangua, na wanawake wanapaka mikono mafuta ya kula au majivu. Mikono ya mama ina alama ambazo hazijatoka. Watu wanaokula korosho nyeupe kwenye sahani wangejua hilo wangeheshimu bei.

---

Fundi Salfa

Kweli kabisa dada. Na embe ni ukoo mmoja na korosho, ndiyo maana kuna watu wakigusa utomvu wa embe midomo inawasha. Hilo kwenye semina walitueleza.

---

Liwale Kwetu

Nimesoma uzi wote bila kuruka. Mwalimu, kwenye hao Watupi kuna zaidi? Maana umetutajia jina tu, hatujui mti ulikuwa na thamani gani kwao.

---

Mwana Mikindani

Liwale, umeuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri.

Kwa Watupi neno "acajú" lilikuwa na maana nyingine pia: mwaka. Mkorosho ulitoa maua na kuzaa mara moja kwa mwaka, na wao wakahesabu umri kwa misimu hiyo. Kumuuliza mtu ana miaka mingapi kulikuwa ni kumuuliza ameona mikorosho ikizaa mara ngapi. Mabibo yakiiva ndipo walipokamua kinywaji chao na kufanya sherehe zao kubwa.

Sasa, nani kati yetu asiyeielewa kalenda hiyo? Huku kwetu ukimdai mtu mwezi wa sita atakujibu "subiri korosho". Harusi inapangwa baada ya korosho. Bati la nyumba, mahitaji ya mtoto wa kidato cha tano, pikipiki, jando na unyago, vyote vinangoja malipo ya mnada. Mwezi wa tano na wa sita tunapuliza salfa, wa nane tunatazama maua kwa wasiwasi, wa kumi tunaokota. Watu wa Brazil ya kale na watu wa Ruangwa hawakuwahi kuonana, lakini mti mmoja umewafundisha kuhesabu mwaka kwa namna moja. Mimi hili kila nikilifikiria linanifurahisha upya.

Ndiyo sababu nalipigania neno hili. Ukisema "cashew ni cash" umelikata na Watupi, umelikata na kanju ya bibi yake Binti Newala, umelikata na uraka wa Mzee, umelibakiza kwenye mizani peke yake.

---

Masasi Moja

Lakini mkuu, tusiidharau mizani. Mkulima aliyepitia kangomba, yaani wanunuzi wa magendo, akauza kwa kipimo cha bakuli kabla ya msimu kwa sababu mtoto anaumwa, yeye "cash" ndiyo inayomkaa kichwani. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza mnadani, imekuja kwenye korosho tangu 2007 na bado malipo yakichelewa watu wanarudi kwa kangomba. Mimi naelewa kwa nini neno hilo wanalisikia kama pesa.

---

Mwana Mikindani

Masasi, sikupingi hata kidogo, na umesema vizuri. Pesa ya korosho ni haki ya mkulima na inatakiwa imfikie kwa wakati. Hoja yangu ni ya chimbuko la neno, nayo haimpunguzii mkulima hata shilingi.

---

Mama Ufungashaji Lindi

Habari zenu jamani. Mimi nafungasha korosho hapa Lindi, za kukaanga na chumvi, pakiti ndogo na za kilo. Uzi huu umenifikia wakati ninaagiza lebo mpya. Zile za zamani zimeandikwa "Cashewnuts" kubwa mbele na "korosho" haipo kabisa. Isitoshe nimepata mteja wa Komoro, mzigo wake unapitia bandari ya Mtwara, na kijana wa kutengeneza lebo ameniandikia "acajou" kwa ajili yake, akasema ndiyo Kifaransa chake. Mwalimu nisaidie kabla sijalipia.

---

Mwana Mikindani

Mama, usilipie bado. "Acajou" lilikuwa jina la mkorosho kwa Kifaransa zamani, lakini Wafaransa wakalihamishia kwenye mti mwingine wa mbao nyekundu, na leo ukimwandikia hivyo mtu wa Ufaransa atafikiria kabati, maana ndiyo mbao za mahogani. Andika "noix de cajou". Hiyo ndiyo korosho ya kula. Ukisikia wafanyabiashara wa Afrika Magharibi, wa Kodivaa au Benin, wanasema "anacarde", mara nyingi wanazungumzia korosho ghafi yenye ganda. Hilo ni la Linnaeus yule yule.

Kwa pakiti za hapa nyumbani, ushauri wangu ni "KOROSHO" kubwa mbele, "za Lindi" chini yake, kisha "cashew" kwa herufi ndogo kwa mgeni. Watalii wanaokwenda Kilwa watalisoma na watauliza, nawe una la kuwaeleza. Kama unazipanga kwa daraja la kimataifa, andika pia lile daraja, mfano W320. Ile W ni ya korosho nyeupe nzima, na 320 ni idadi ya juu ya korosho zinazoingia kwenye ratili moja, kama gramu 454. Namba ikipungua, korosho ni kubwa zaidi: W240 ni kubwa kuliko W320, na W180 ni kubwa zaidi ya hizo.

---

Mama Ufungashaji Lindi

Mungu akubariki. Nimemrudishia kijana kazi yake sasa hivi. Ya Komoro inakuwa "noix de cajou", W320, na ya hapa "KOROSHO za Lindi". Ameniuliza kama "kanju" nayo iwekwe. Mwasemaje?

---

Binti Newala

Iwekwe! Hata kwa maandishi madogo nyuma ya pakiti, pembeni ya tarehe. Na mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza, nitumie mawasiliano yako kwa ujumbe wa ndani.